Koti ya Nje Ndani

Nimestaafu. Najua mnacheka. Mtu wa miaka thelathini na tatu hastaafu, anafukuzwa. Lakini daktari pale Migori alishika mkono yangu ya kulia, akabonyeza hapa chini ya kidole gumba, nikaruka kama kuku imekanyagwa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni fundi wa nguo. Akasema, "Ulikuwa." Hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa. Hakuna keki, hakuna hotuba, hata soda moto hakuna.

Saa hii niko kwa mamangu huku Kegonga, wiki ya tatu, na siwezi kukaa. Natembea mpaka sokoni, narudi. Nakaa, nasimama. Jumapili nimeangalia pasta mahubiri yote na sikushika neno hata moja, kwa sababu kola yake imelala upande na fundi aliyemshonea anafaa kuungama mbele ya kanisa. Mamangu amenificha mkasi baada ya kunipata nafumua pazia ya sebuleni eti niikate vizuri. Dadangu ameona nitavunja nyumba, amenipa daftari lake lililobaki nusu, akasema, "Andika hiyo kitu inakusumbua, uache kuzunguka." Basi naandika na mkono ya kushoto. Mkiona herufi zimelala, si pombe.

Nawaandikia nyinyi mafundi watatu niliowaachia veranda ya kushonea pale Awendo. Vile mashine inatiwa mafuta mnajua. Khaki lazima ilowekwe usiku mzima kabla ikatwe, hiyo pia mnajua, lakini nitarudia, kwa sababu mimi nilijifunza kwa suruali ya mwalimu mkuu. Aliivaa mara moja, ikafuliwa, ikapanda mpaka magotini, mwalimu mkuu akarudi darasa la nne. Hizo ni makosa za kawaida. Nataka kuwaambia kosa yangu kubwa, ile iliyonilisha miaka kumi na mbili, kwa sababu kila mtu huko Awendo anaongea juu ya koti ya Madam Beldina na hakuna anayejua ukweli isipokuwa watu wachache, na mmoja wao hana kazi saa hii.

Nilikuja Awendo nikiwa na miaka ishirini, na darasa la nane, na mdomo. Veranda ilikuwa ya Fundi Anyango, mama wa Mbita, Msabato kamili, mfupi, mwenye miwani imefungwa na uzi wa kushonea vifungo. Siku ya kwanza alinipatia suruali ya dereva wa miwa, zipu mbovu, akaniambia nibadilishe. Nilimaliza saa kumi jioni. Alivuta ile zipu juu, ikapanda, akavuta chini, ikabaki mkononi mwake. Aliniangalia. Akasema, "Jakuria, wewe ni fundi wa milango iliyofungwa." Jakuria ni Mkuria kwa Kijaluo, na hiyo ndiyo ikawa jina langu hapo.

Anyango alikuwa na sheria moja aliyonipigia kelele kila siku. Mteja asiulizwe kwa nini. Akitaka mifuko mitatu kwa kifua, weka mitatu, usitake kujua anabeba nini. Akitaka gauni ya harusi ipanuliwe kiuno wiki mbili kabla ya harusi, panua, na uso wako ukae kama ukuta. "Sisi tunapima mwili," alikuwa anasema, "mambo ya mwenyewe tunawachia mwenyewe." Nikaishika hiyo sheria vizuri sana. Hapo ndipo shida ilianzia.

Ilikuwa wiki ya kambi ya maombi ya Wasabato. Anyango alikuwa ameenda kwao Mbita siku nane, akaniachia veranda peke yangu mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na tepu shingoni kama daktari wa kweli. Akaja mama mmoja, mrefu, hana tabasamu, amevaa koti kubwa ya khaki ya mwanamume. Na ile koti alikuwa ameivaa nje ndani. Ndani imekuja nje, nje imeenda ndani. Mishono yote inaonekana, nyuzi zinaning'inia, na mifuko imetoka pande zote mbili kama masikio ya mbuzi.

Kwetu Kegonga mtu akivaa hivyo ametoka nyumbani na haraka, na jirani mzuri anamwambia kwa heshima. Nikamwambia, "Mama, koti imegeuka."

"Najua," akasema. "Nishonee ingine kama hii."

"Kama hii aje?"

"Hivi hivi. Nataka Ijumaa."

Mnaona sasa. Hivi hivi. Alitoa koti, akajifunga leso mabegani, akakaa kwa benchi akingoja nichore patani kwa karatasi ya mfuko wa simiti. Nikaangalia hiyo mifuko ya mbuzi, nikaangalia mishono, nikataka kuuliza, nikakumbuka sheria. Nikachora. Akavaa koti yake, nje ndani vile ilikuwa, akaenda.

Nilishona siku nne. Sitadanganya, sijawahi kushona vizuri hivyo tena. Mtu akitaka mshono ukae nje, hauwezi kuuacha na nyuzi zinalia. Nilikunja kila mshono mara mbili, nikaulaza, nikapiga mistari miwili na uzi mweupe, sawa kama reli. Mifuko niliitoa nje, nikaipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama. Hata lebo ya shingo niliweka nje. Vifungo nilipindua, vikafungia upande ule mwingine. Ilikuwa koti imezaliwa nje ndani, haijageuzwa na mtu.

Ijumaa akaja. Akaifungua, akaishika mabega, akaigeuza, akaigeuza tena. Lori tatu za miwa zikapita bado anaigeuza. Kisha akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Kegonga. Akasema, "Ah." Hiyo tu. Alipitisha kidole kwa ule mstari mweupe, polepole, kutoka bega mpaka pindo, akaniuliza nani alinifundisha kushona safi hivyo. Nikamwambia Fundi Anyango. Akaikunja, akaenda nayo. Nilibaki nimefura kama chapati.

Anyango aliporudi Jumatatu nilimwambia hiyo habari nikiwa nimeweka mikono kiunoni. Vile nilimaliza, alikuwa amekaa chini. Kwa sakafu, si kwa kiti. Alicheka kwanza. Alicheka mpaka miwani ikaanguka na ule uzi wake. Kisha akaacha kucheka, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

Akanieleza. Huyo ni Beldina, bwanake alikuwa na lori mbili za kubeba miwa, amekufa miezi michache imepita. Kwa wazee wa upande wa marehemu, huko Mbita, mjane anavaa nguo ya bwanake ikiwa imegeuzwa, kuonyesha nyumba yake imepinduka, mpaka siku ya kutoa matanga. Siku hiyo anaitoa mbele ya watu, anavaa nguo yake, maisha yanaendelea. Mama alitaka koti ya kazi ya saizi hiyo, ya kawaida, nzuri, avae akitoka kwa matanga aende kutafuta kazi. Siku ya kutoa ilikuwa Jumamosi, kesho yake baada ya kuchukua koti kwangu.

"Jakuria," Anyango akaniambia, "umemshonea mtu matanga isiyoisha."

Na hiyo haikuwa yote. Wazee walipozika, shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, tutamwita Shem kwa sababu kila mtu anamwita Shem, alitaka lori siku hiyo hiyo. Wazee walikataa. Walisema mama akae na lori za marehemu mpaka atoe koti ya marehemu. Siku atatoa koti, Shem achukue. Kwa hivyo hiyo Jumamosi pale Mbita haikuwa sherehe ya nguo tu. Shem alikuja na mbuzi mmoja na madereva wawili wa kuchukua lori.

Kilichotokea nilipata kwa mmoja wa hao madereva, alikuwa mteja wetu. Walimvua Beldina ile koti ya zamani, wamama wakaimba. Akaingia ndani ya nyumba. Akatoka amevaa koti mpya, khaki, nje ndani, mistari nyeupe inang'aa. Nyimbo zikakatika. Mzee mkubwa wa hiyo boma, Jaduong' Opiyo, alimwangalia sana, akamuuliza, "Mama, umetoa ama umevaa?" Beldina akasema ametoa ya kwanza. Wazee wakabishana kama hiyo ni matanga ya zamani inaendelea ama ni ingine imeanza, na hakuna mtu alikuwa amewahi kuona kitu kama hiyo, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na jibu. Wakala mbuzi ya Shem, wakaenda nyumbani. Wale madereva wawili walirudi Awendo na miguu yao.

Hiyo wiki sikulala. Kila mtu aliyepita na fimbo nilijua anakuja kwangu. Alhamisi Madam akaja mwenyewe. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajafika, nikimwambia ni ujinga, nitashona ingine bure. Aliniinulia mkono ninyamaze. Akasema, "Mbili. Hivi hivi." Na hatukuongea tena juu ya hiyo kosa, mimi na yeye, mpaka mwaka huu.

Sasa nyinyi mnajua hiyo koti kama mnavyoijua, kama alama. Nikianza, hakuna mtu alikuwa anamwita Madam. Madereva walikuwa wanampita na lori kama wamepita jiwe. Lakini koti ya aina hiyo huwezi kukosa kuiona. Ile mistari nyeupe ilikuwa inaonekana kutoka mwisho wa shamba, na dereva aliyekuwa amelala chini ya lori akiiona anaamka akiwa tayari anafanya kazi. Lori mbili zikawa tatu. Tatu zikawa tano. Kila mwaka nilikuwa nashona koti mbili, moja ya kuvaa na moja ya kungoja matope.

Watu walianza kumuuliza kwa nini anavaa hivyo, na kila mtu alipata jibu lake. Madereva aliwaambia ni ili wamwone kutoka mbali. Mtu wa redio alimwambia mtu mwenye kazi nyingi hana saa ya kuchagua nguo asubuhi. Wamama wa kanisa aliwaambia bado anaomboleza, na wakamshika mkono, na yeye akawashika. Kuna siku alinipeleka Homa Bay kwa semina ya wafanyabiashara, nibebe koti ya pili kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Mwalimu wa hiyo semina, kijana wa tai, alimsimamisha mbele akasema huyu mama anaelewa biashara, kiongozi lazima awe na kitu kimoja ambacho ni chake, watu wakiona hicho wamemwona yeye, na ni wazi amefikiria sana kabla ya kuchagua mishono iwe nje, kwa sababu inamaanisha hana cha kuficha. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na koti mkononi, nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa najua nani alichagua, na hakufikiria hata kidogo.

Na kwa sababu mambo ya Madam ilikuwa inaenda, vijana wakataka. Kijana mmoja anayefanya kazi ofisini akaja akitaka koti ya Madam, na Anyango alikuwa Mbita, kwa hivyo nikashona. Siku tatu baadaye mamake alifika veranda na hiyo koti imeshikwa na vidole viwili kama panya. Akaitupa kwa meza yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Nani amekufa kwetu?" Andikeni hiyo kwa ukuta: koti ya nje ndani haishonewi mtu ambaye hakufiwa. Hata akilia.

Anyango aliwacha kazi miaka mitano imepita, kwa sababu ya macho, akarudi Mbita kabisa. Akaniachia veranda. Siku ya kuondoka aliniambia jambo moja tu juu ya Madam. Alisema, "Hiyo koti iko na mwisho. Ikifika, usiwe mjanja."

Mimi niliona mwisho ukija kwa miguu ya Shem. Alikuwa anapita veranda kila alipokuja Awendo. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Ananunua soda, anakaa kwa benchi, anaangalia lori zikipita, anazihesabu na midomo. Kwanza alikuwa anauliza kama mzaha. "Fundi, shemeji yangu anaomboleza mpaka lini?" Namwambia mimi nashona tu. Baadaye aliacha mzaha. Alikuwa anaangalia mishono ya kila koti niliyotundika. Siku moja akaniuliza kama fundi akiangalia nguo anaweza kujua kama imegeuzwa na mwenyewe ama ilishonwa hivyo kutoka mwanzo. Kabla nijizuie nikamwambia ndiyo, hata kipofu anaweza. Nikaona uso wake umetulia. Nikajua nimeuza mtu kwa mdomo yangu.

Kutoka siku hiyo sikukaa vizuri. Mkono ilikuwa imeanza kuuma, na nilikuwa nasema ni baridi. Nikikata kitambaa namwona Shem. Kwa sababu hesabu yake ilikuwa rahisi. Kama koti imegeuzwa, mama bado ni mjane wa matanga, anakaa na lori. Kama ilishonwa hivyo, basi hiyo ni staili, matanga iliisha ile Jumamosi, na lori zote ni za Shem tangu wakati huo. Zilikuwa zimefika tisa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Madam akaniambia tunaenda Mbita, nimeitwa na wazee. Tulienda na pikapu yake. Nyuma yetu kulikuwa na lori mbili zake za zamani kabisa, tupu. Niliona ni ajabu kupeleka lori ya miwa mahali pa samaki, lakini mimi nilikuwa nawaza wazee. Kwa njia aliongea mara moja tu. Nilimuuliza, "Madam, niseme nini?" Akasema niseme vile najua.

Tulikaa sebuleni kwa boma ya marehemu, sofa zimefunikwa vitambaa, soda kwa meza, televisheni imewashwa bila sauti. Jaduong' Opiyo sasa alikuwa mzee sana, anasikia na sikio moja, na kila mtu alikuwa amekaa upande wa hiyo sikio. Shem aliongea kwa heshima. Alisema amengoja miaka kumi na mbili, ndevu yake imeota nyeupe akingoja koti. Akasema hataki kubishana na shemeji. Fundi yuko hapa. Fundi aangalie, aseme, hii koti imegeuzwa ama ilishonwa hivyo?

Jaduong' akanigeuzia ile sikio.

Niliangalia Madam. Alikuwa anaangalia soda. Ningeweza kusema imegeuzwa, na hakuna mtu kwa hiyo nyumba angenipinga, labda nguo yenyewe. Mdomo yangu ilikuwa na mzaha tatu tayari, zimepanga laini. Kisha nikaangalia ile mistari nyeupe niliyopiga mwenyewe, na zile mzaha zikaisha.

"Jaduong'," nikasema, "ilishonwa hivyo. Na si yeye alitaka. Mama aliagiza koti ya kawaida, ya kutoka kwa matanga. Mimi ni Mkuria, nilikuwa sijui mambo yenu, na fundi wangu alikuwa kambi. Alisema hivi hivi, nikafanya hivi hivi. Hii miaka yote mama amevaa makosa yangu."

Kisha mzee mmoja kwa kona akacheka puani, na mwingine, na Jaduong' akauliza nimesema nini, wakamrudilia kwa sikio, na yeye akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Shem hakucheka. Alifungua mikono. Akasema wamesikia wenyewe, matanga iliisha zamani, koti hii ni nguo kama nguo zingine.

Jaduong' akafuta macho, akamuuliza Beldina kama amesikia.

Madam alisimama. Akafungua vifungo, moja moja, vile nilivyovipindua vikifungukia upande mbaya, na hata mimi niliyeishona nilikuwa sijawahi kuona hiyo koti ikitoka mwilini mwake mbele ya watu. Ndani alikuwa na gauni ya bluu, ya kawaida, ya maduka. Akaiweka koti kwa meza kati ya soda. Akaingiza mkono kwa mkoba, akatoa funguo mbili, zimefungwa na waya.

"Jaduong'," akasema, "siku mlizika, mlisema nikae na lori za marehemu mpaka nitoe koti. Zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Ziko hapo nje kwa barabara. Nimeziwekea tairi mpya. Nimetoa koti."

Akamwekea Shem funguo mkononi. Shem akaziangalia. Alikuwa amefungua mkono mkubwa, wa funguo tisa.

"Na hizo zingine?"

"Hizo zingine, shem, marehemu hakuziona. Nilizinunua nikiwa ndani ya hiyo koti, na jina langu ndiyo iko kwa vitabu."

Shem akageukia Jaduong'. Jaduong' akaomba arudiliwe, wakamrudilia, akachukua soda yake, akanywa karibu yote. Akasema, neno la wazee lilikuwa lori za marehemu. Na zimerudi zikiwa nzima. Akamuuliza Shem kama ana lingine. Shem akafungua ule waya wa funguo. Kisha akatoka nje, na tukasikia ya kwanza ikiwashwa, ikakubali mara moja. Ziko Migori saa hii zinabeba mchanga, na anazitunza.

Tukirudi ndiyo Madam akaniambia. Alisema ile Ijumaa, alipoona nimeshona vibaya, alitaka kunipiga na pasi yangu mwenyewe. Halafu akafikiria, nikivaa hii, watabishana. Na mtu akibishana hashiki usukani. Alikuwa anataka wiki mbili tu, apange mambo yake. Wakampa miaka kumi na mbili. "Kila mtu alikuwa anaangalia koti, Chacha. Hakuna mtu aliangalia mikono."

Kijana wa tai wa Homa Bay anaweza kuja achukue hiyo iwe somo.

Kesho yake Jumatatu nilienda kwa yadi yake kumuaga, kwa sababu daktari alikuwa ameshanipatia hukumu. Nilikuwa nimesimama kwa mama wa chai, ng'ambo ya barabara. Madam akaja na miguu, na ile gauni ya bluu, na mkoba. Mlinzi wa geti, huyo ambaye amekuwa akipigia hiyo koti saluti kila asubuhi kwa miaka, akaweka fimbo mbele yake. Akamuuliza kwa adabu, "Mama, unatafuta nani?"

Nilivuta pumzi nipige kelele. Akaniona. Akaweka kidole kwa midomo.

Akamwambia mlinzi anatafuta mwenye hizi lori. Mlinzi akasema Madam hajafika, lakini ni mtu wa saa, atafika tu, akae kwa benchi na wengine. Kulikuwa na watu watatu pale, wanatafuta kazi. Mmoja akasonga. Beldina akakaa, akaweka mkoba kwa magoti, akanyoosha miguu yake mbele, akafunga macho kwa jua. Madereva wakaingia, wakatoka. Hakuna aliyemwamkia, hakuna aliyeruka. Alikaa hapo karibu nusu saa, akijingoja mwenyewe, na sijawahi kuona mtu amepumzika hivyo.